Nafasi, Pengo au Mwanya? Istilahi ya Kuhesabia Herufi za DNA

Katika mijadala ya istilahi za sayansi, juhudi kubwa huelekezwa kwenye majina ya vitu, ilhali maneno madogo yanayobeba hesabu huachwa yajitegemee. Neno "nafasi" ni mojawapo, nalo linastahili kutiliwa shaka pale linapotumika kuonyesha mahali pa jeni katika programu za kompyuta.

Ichukuliwe jeni ya beta-globini, ambayo badiliko la herufi moja ndani yake ndilo chanzo cha selimundu. Sehemu inayosimba protini ikihesabiwa peke yake tangu herufi yake ya kwanza, kodoni inayohusika, GAG, ina herufi ya 19, ya 20 na ya 21. A iliyo ya 20 ndiyo inayogeuka T. Muundo wa GFF huhesabu herufi zenyewe kuanzia moja, hivyo huandika 19 na 21. Muundo wa BED ni kama unaohesabu mipaka iliyo baina ya herufi, sifuri ikitangulia herufi ya kwanza. Kodoni ile ile huandikwa 18 na 21. Hakuna uliokosea.

Sasa msomaji akielezwa kwamba kodoni iko "nafasi ya 18 hadi 21", aelewe nini? Nafasi ni mahali kitu kilipo. Pia ni uwazi baina ya vitu viwili. Akishika maana ya kwanza atachukua herufi nne, TGAG. Akizisoma 19 na 21 kwa maana ya pili atabaki na mbili tu, AG. Kompyuta haitalalamika; itatoa jibu, tena upesi.

Wapo watakaodai kuwa muktadha unatosha. Hata hivyo, kivinjari cha jenomu cha Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, huhifadhi data kwa hesabu ya sifuri na kuzionyesha kwenye skrini kwa hesabu ya moja. Muktadha upi hapo?

Yafaa basi herufi ihesabiwe kwa "namba ya herufi", na mpaka uitwe "mwanya". "Pengo" halifai: pengo huachwa na jino lililong'oka, bali mwanya huwapo na meno yote yakiwa kamili. Nalo "hadi" lisiandikwe bila kubainisha iwapo kikomo kimo au hakimo.