Redio ya Gari Inapodai Namba ya Siri



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia waume zetu. Akina mama wa Kibaha na Kisarawe wametuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Gari la zamani limepelekwa kwa fundi, limerudi linawaka vizuri, lakini redio imegoma. Kwenye kioo chake kumetokea neno CODE, au SAFE, au SEC, na kila kitufe unachobonyeza hakisaidii. Je, fundi ameiharibu? Au ameibadilisha?

Tunajibu mapema kwa sababu swali hili limekwisha kuleta ugomvi: mara nyingi fundi hana kosa lolote.

Kwa nini redio hujifunga

Wizi wa redio za magari ulipozidi duniani, watengenezaji walitafuta njia ya kumkatisha tamaa mwizi. Walitengeneza redio yenye kumbukumbu inayolindwa na waya mmoja unaopokea umeme wa betri wakati wote, hata gari likiwa limezimwa. Umeme huo ukikatika, redio huhesabu kwamba imeng'olewa. Ukirudi, redio hukataa kufanya kazi mpaka iandikiwe namba yake ya siri.

Redio haiwezi kujua kama umeme umekatwa na mwizi au na fundi anayebadilisha betri. Hata betri ikiisha nguvu kabisa, au waya wake ukilegea kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi, matokeo ni yale yale.

Magari mengi ya Ulaya yaliyotengenezwa miaka ya 1990 yana kinga hii, na hata baadhi ya Honda. Katika baadhi ya Toyota za zamani, mwenye gari wa kwanza ndiye aliyejiwekea namba. Toyota za miaka ya karibuni zinazoletwa zikiwa zimetumika Japani, zenye redio ya kioo kikubwa na ramani, nazo hudai namba ya kufungulia baada ya betri kutolewa.

Ufanye nini

Kwanza, usibahatishe. Haraka haraka haina baraka. Redio nyingi huhesabu makosa. Zile za Volkswagen, kwa mfano, ukikosea mara mbili hujifunga, na hukubali kujaribiwa tena baada ya kuachwa zimewashwa kwa muda wa saa moja hivi. Usiwape watoto wachezee vitufe.

Pili, tazama kama kweli imejifunga. Ikiwa kioo cha redio ni cheusi kabisa na hakioneshi neno lolote, huenda ni fyuzi tu iliyoungua. Hiyo ni kazi ya dakika chache.

Tatu, tafuta namba. Fungua kitabu cha gari, kwani mara nyingi huwa na kikadi kidogo. Pekua droo ya dashibodi na mfuko wa karatasi za gari. Kama hakuna, mwombe fundi achomoe redio kwa uangalifu. Ubavuni ina kibandiko chenye namba ya utambulisho. Hiyo siyo namba ya siri, bali ndiyo inayotumika kuitafuta. Peleka namba hiyo pamoja na kadi ya gari na kitambulisho chako kwa wakala wa kampuni ya gari, au kwa fundi wa redio mwenye duka linalojulikana. Anayekuuliza uthibitisho kwamba gari ni lako usimkasirikie. Huyo ndiye mwaminifu.

Nne, piga hesabu kama inafaa. Redio za zamani za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kule, yanayoanzia 76 na kuishia 90. Huku kwetu FM hufika 108. Ukitaka kusikiliza WAPO kwenye 98.1 au Upendo kwenye 107.7, redio hiyo haifiki mpaka ifungwe kifaa cha kupanua masafa, na hata hapo stesheni hutokea kwenye namba nyingine kabisa. Kwa redio ya namna hiyo, pengine ni afadhali kununua mpya ya kawaida kuliko kugharamia kuifungua.

Redio ya bei ya kutupa

Hapa ndipo jaribu linapoingia. Mtu atakuja na redio nzuri, bei nusu, haina risiti. Ukimwambia aiwashe, nayo inadai namba, na yeye hana. Dada, redio hiyo imekwisha kukueleza habari zake! Zipo redio halali zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa, na muuzaji wake ana duka na atakuandikia risiti. Lakini ile isiyo na mlango wa kurudia, iache. Amri inayokataza wizi inamhusu pia anayemfanya mwizi apate soko, na sheria ya nchi nayo humshika anayekutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi. Tusijifiche nyuma ya maneno "mimi nimenunua tu". Jirani yetu aliyevunjiwa kioo cha gari usiku ndiye anayelipa ile nusu ya bei tuliyopunguziwa.

Ulinde ulimi

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaomba jambo moja kwa uzito. Usimwite kijana wa gereji mwizi kwa sababu redio imejifunga. Neno hilo likitamkwa kwa sauti kando ya barabara ya Morogoro, pale penye stendi na watu wengi, haliwezi kurudishwa mdomoni. Watu hawaulizi, wanaokota mawe. Tumewapokea wodini vijana waliopigwa hivyo, na mama zao tumewaona wakilia kwenye benchi la nje. Redio hununuliwa nyingine. Mtoto wa mwenzako hanunuliwi.

Ukiwa na shaka, mwite fundi pembeni, muulize kwa upole kama alitoa betri. Linganisha namba iliyo ubavuni mwa redio na ile uliyoiandika nyumbani. Zikitofautiana, nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa. Huko ndiko shtaka linakopelekwa.

Daftari la nyumbani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ya kliniki ya mtoto tunaitunza vizuri kwa sababu siku ya homa hatutaki kuanza kuitafuta. Gari nalo lina kadi zake. Jioni moja mketi pamoja, baba na mama, mwandike kwenye daftari namba ya gari, namba ya injini na ya chesesi, namba ya redio na namba yake ya siri, na mahali ilipo kadi ya gari. Daftari likae ndani ya nyumba. Ukiiacha namba ya siri ndani ya gari, umemkabidhi mwizi.

Baba asiposafiri, itakuwa faida ya kawaida. Akisafiri au akiugua, mama hatahangaika. Na kwa wale wenzetu waliofiwa na waume, tumeona mara nyingi kwamba namba zote, za redio na za mambo makubwa zaidi, ziliondoka na marehemu. Kumwonesha mke karatasi za nyumbani ni sehemu ya upendo.

Kabla fundi hajagusa betri, muulize kuhusu redio. Wapo wanaoweza kuunga umeme wa betri ndogo ili kumbukumbu isipotee.

Mwisho, redio ikisharudi kuimba, ichague stesheni kabla gari halijaondoka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, anayeinamia redio kwa sekunde 3 amekwenda mita 50 bila kutazama njia. Kutoka Mlandizi hadi Kiluvya, kati ya malori na bodaboda, mita 50 ni nyingi mno.