Kumhamisha Mgonjwa kwa Usalama ni Sehemu ya Tiba

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mjadala katika nchi yetu umehusu zaidi nani atalipia matibabu. Mjadala huo ni wa lazima. Hata hivyo, ipo hatua moja katika safari ya mgonjwa isiyotajwa sana: zile dakika chache anapotolewa garini, akawekwa juu ya machela, kisha akahamishiwa kitandani.

Sisi tunaoitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa hapa Tegeta tumeishuhudia mara nyingi. Mgonjwa hufika kwa bajaji baada ya foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Ndugu mmoja humshika makwapani, mwingine miguuni, naye hubebwa kama gunia. Hufanya hivyo kwa upendo. Lakini kwa majeruhi wa bodaboda aliyeumia uti wa mgongo, kukunjwa namna hiyo kwaweza kumletea kupooza kwa maisha yote. Wodini nako, mgonjwa anayeburutwa kitandani huchubuka ngozi, na mchubuko waweza kuwa mwanzo wa kidonda cha kulalia. Muuguzi naye, akinyanyua watu wazima kwa mikono mitupu zamu baada ya zamu, huumia mgongo.

Vifaa vya kuzuia madhara hayo si vyote vya gharama kubwa. Machela yenye breki na kingo za pembeni, kiti cha magurudumu kilicho kizima, ubao wa kumlazia majeruhi, na shuka laini la kumtelezesha mgonjwa kutoka machela hadi kitandani hutosha kuanzia. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri aepushe, kadiri inavyowezekana, unyanyuaji wa mikono wenye hatari. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Na muuguzi ni mfanyakazi. Mfumo wa M-Mama, unaowapatia wajawazito na watoto wachanga usafiri wa dharura kwa namba 115, umeonesha kwamba kumfikisha mgonjwa kwaweza kupangwa. Upangaji huo usiishie kwenye lango la hospitali.

Injili ya Marko, sura ya pili, inatuonesha watu wanne wakimchukua mwenye kupooza huko Kafarnaumu. Hawakumburuta. Alikuwa amelala juu ya godoro lake, nao wakamteremsha hivyo hivyo kupitia darini. Yesu aliiona imani yao. Na imani hiyo ilionekana katika namna walivyombeba.

Kila tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, jumuiya zetu hupeleka wodini sabuni, sukari na matunda. Tuendelee. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo kadhaa zikiunganisha sadaka zao, zaweza kununua kiti kimoja cha magurudumu, na kumwomba muuguzi afundishe watu wawili wa kila jumuiya namna ya kumbeba mgonjwa. Hospitali na zahanati za Kanisa nazo zianze kwa kujikagua: breki za machela zinashika? Watumishi wamefundishwa?

Mgonjwa anapokabidhi mwili wake mikononi mwetu, ametukabidhi hekalu la Roho Mtakatifu. Tumbebe ipasavyo.