Msiwafukuze Watoto Jikoni



Juma lililopita nilikuwa nikizitembelea familia za jumuiya mojawapo ili kubariki nyumba zao kabla ya Noeli. Katika nyumba moja nilipokewa na mtoto wa miaka mitano, ambaye baada ya kuniamkia alinishika mkono akaniongoza hadi sebuleni. Nikamwuliza kwa mzaha, Krismasi huletwa na nani? Nilitazamia jibu la katekisimu. Akanijibu bila kusita: “Padre, inaletwa na bodaboda.”

Wazazi walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kisha mama yake akanifafanulia kwamba mwaka jana pilau, kuku na keki viliagizwa kwa simu, vikafika mlangoni saa saba mchana vikiwa vimefungwa tayari. Mtoto, basi, alikuwa amesema kweli tupu. Alieleza alichokiona.

Nimeibeba kauli ile moyoni juma zima, na leo nalazimika kusema neno ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Tumewafukuza watoto wetu jikoni, na kwa kufanya hivyo tumewatoa katika sikukuu yenyewe, tukawaachia sahani na nguo mpya.

Utazameni mkesha wa Noeli katika nyumba zetu nyingi. Msichana wa kazi, ambaye naye ana mama anayemngojea kijijini, yu peke yake na masufuria tangu alfajiri. Mama yuko saluni. Baba yuko anakokujua mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anachungulia mlangoni, anaona unga, anaona mayai, anasikia harufu ya iliki na mdalasini, na macho yake yanang’aa. Mara anasikia: “Toka hapa, utajichafua! Nenda kaangalie katuni.” Naye anakwenda. Atafukuzwa mara tatu, mara nne, na mwaka ujao hatachungulia tena. Akifika miaka kumi na miwili tutamwita asaidie, atakunja uso, nasi tutaketi barazani tukiwasema watoto wa siku hizi na kuulaumu utandawazi. Utandawazi unayo makosa yake mengi, lakini mlango wa jiko tuliufunga sisi.

Mimi nililelewa katika nyumba isiyokuwa na mali. Unga wa ngano ulionekana kwetu mara chache sana kwa mwaka, na Noeli ilikuwa mojawapo ya mara hizo. Jioni ya mkesha mama aliyeyusha hamira katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, akatuita tuitazame ikitoa povu, kana kwamba anatuonyesha muujiza. Alikanda unga katika beseni, akaufunika kwa kanga, akauweka karibu na mafiga upate joto. Tuliambiwa tusiuguse, tuliugusa. Kila mmoja wetu alipewa donge lake alikande. La kwangu, kwa kupita katika mikono iliyotoka kucheza na udongo, liligeuka rangi ya kijivu. Mama hakulitupa. Alilikaanga pamoja na mengine, akaliweka juu kabisa ya sinia, na asubuhi baada ya Misa baba alilichukua lile la kijivu akalila lote mbele yetu, taratibu, akitelemshia chai. Hakusema neno. Nimesoma teolojia kwa miaka mingi, na bado nikitafuta mfano wa namna Mungu anavyoipokea sadaka yetu, namkumbuka baba yangu na andazi lile.

Mtasema Padre anazungumzia mapishi badala ya Neno. Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Pasaka ya kwanza iliadhimishwa majumbani, kwa mwana-kondoo aliyeokwa motoni na mkate usiotiwa chachu, na Musa akaagiza waziwazi la kufanya siku watoto watakapouliza maana ya ibada ile. Mtoto huuliza juu ya jambo lililotendeka mbele yake. Chakula kilichofika kimefungwa kina swali gani ndani yake, isipokuwa la bei? Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulipoiita familia Kanisa la nyumbani, haukuliacha jiko nje ya nyumba.

Sasa nizijibu hoja zenu, maana nimeshazisikia mlangoni pa kanisa.

Moto ni hatari. Ni kweli, na sitaki mtoto mmoja aungue kwa sababu ya tafakari yangu. Mafuta ya moto, kisu na mbuzi ya nazi ni vya wakubwa. Lakini kuchambua mchele kunaunguza nini? Kumenya iliki je? Kukata visheti kwa mikono midogo, kupanga maandazi mabichi kwenye sinia iliyonyunyiziwa unga, kuhesabu vikombe, hayo yote hufanyika mbali na jiko.

Hatuna muda, na mama amechoka. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Basi baba aingie jikoni! Na wale mnaoniambia kwamba mtoto wa kiume haketi jikoni kwa kuwa ni aibu, someni Yohane 21. Bwana Mfufuka aliwasha moto wa makaa ufukweni, akaweka samaki juu yake na mkate, akawaita wavuvi waliokesha kazini waje wale. Kama aliona aibu, Mwinjili hakuiandika.

Ya tatu ni kwamba watoto wanaharibu. Wanaharibu, naam. Kilo moja ya unga ikiharibika chote tutakachokosa ni maandazi.

Siwalaumu wanaonunua chakula kwa sababu wako hospitalini wanauguza, wako zamu, au wanaishi peke yao. Wala sisemi keki ya dukani ni dhambi. Nawasema sisi tulio na nafasi, tulio na jiko, na tunaoona usafi wa sakafu ni bora kuliko mtoto aliyesimama juu yake.

Misa ya Mkesha itaanza saa 3 usiku. Anayekanda unga saa 9 alasiri atakuwa amemaliza kukaanga na kuwaogesha watoto kabla ya kengele ya kwanza, na wakija kanisani wakinukia iliki hakuna mhudumu atakayewarudisha. Tarehe 26 nitapita tena nyumbani kwa yule mtoto wa bodaboda. Wazazi wake wameahidi kumpa donge lake, nami nimeomba nibakiziwe andazi moja, liwe la rangi yoyote litakavyotokea.