Mango, Dadu na Woga wa Wahakiki

Umezuka katika idara zetu za fasihi mtindo wa kukitilia shaka kila kisichokuwa riwaya, tamthilia au diwani. Mwanafunzi wa uzamili akipendekeza kuchunguza michezo ya uhusika ya mezani, yaani ile ambayo watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akajitwika nafsi ya mhusika, wakaunda kisa kwa mazungumzo, kanuni na dadu, hupewa jibu moja kati ya mawili. Kundi la kwanza humwambia kuwa huo ni mchezo wa watoto. Kundi la pili humwambia kuwa hayo tulikuwa nayo tangu jadi, hivyo hakuna jipya la kutafiti. Makala haya yanadai kwamba makundi yote mawili yamepotoka, na kwamba upotofu wa kundi la pili ni mbaya zaidi kwa kuwa umevaa joho la uzalendo.

Tuanze na historia. Mwaka 1824, huko Prussia, Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita wenye ramani, dadu na mwamuzi. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alitaka majedwali yawekwe kando na uamuzi uachiwe busara ya mwamuzi. Mvutano huo baina ya kanuni na busara haujaisha hadi leo. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, mchezaji hakuongoza tena jeshi bali mtu mmoja. Mtu huyo aliingia pangoni kutafuta hazina; akifa, mchezaji alijiundia mwingine. Mfululizo wa Dragonlance, ulioanza mwaka 1984, ulileta msuko uliopangwa mapema. Vampire: The Masquerade ya mwaka 1991 ilitanguliza migogoro ya nafsi, na kiongozi wa mchezo akaitwa msimulizi. Fiasco ya mwaka 2009 ilimwondoa kiongozi huyo kabisa. Apocalypse World ya mwaka 2010 ilimbakiza lakini ikamnyima dadu. Mitindo hii haikufutana, na wapo wachezaji ambao wameurudia kwa makusudi ule wa mwaka 1974. Kilichokuwa kikibadilika wakati wote ni jibu la swali moja: mtunzi ni nani?

Swali hilo ni letu. Albert Lord alionyesha mwaka 1960 kuwa mtambaji wa tendi hutunga papo kwa papo mbele ya hadhira. M. M. Mulokozi, katika Mulika ya mwaka 1989, alizieleza tanzu za fasihi simulizi kwa kuzingatia fanani, hadhira na tukio. Vitabu vyetu wenyewe huorodhesha michezo ya watoto miongoni mwa maigizo. Anayeukataa utafiti huu kwa sababu ni mchezo, basi na afute pia sura hizo anazofundisha kila muhula.

Kundi la pili linahitaji jibu refu zaidi. Huko Malakisi nilikokulia, kama kwingineko Bungoma, husimuliwa kisa cha Mango, Mbukusu aliyejificha pangoni akalikata kichwa joka lililokuwa likiua watu, ndipo majirani wa Mlima Elgon, ambao Wabukusu huwaita Barwa, wakakubali kumtahiri. Kuna pango, joka na shujaa; mzalendo wetu hutabasamu na kusema, "Mwaona?" Lakini hakuna mtambaji wa Malakisi anayeweza kuliacha joka lishinde. Tohara ya Wabukusu, ambayo hadi leo hufanyika katika miaka ya shufwa, imeegemea ushindi huo. Mango ni mhusika kamili, ila hatima yake imefungwa.

Sasa tutazame kitendawili. Hadhira ikishindwa kutegua, mtegaji hudai mji. Akipewa, husafiri kimawazo na kusimulia aliyoyakuta huko. Hapa matokeo yako wazi: hakuna ajuaye kabla kama mji utatolewa, wala ni mji gani. Ni kanuni ya mchezo inayozaa simulizi. Hata hivyo, msafiri huyo hana wasifu wala majeraha ya jana, na kitendawili kifuatacho humkuta mtupu.

Ngano ina mhusika asiye na hatima wazi. Kitendawili kina hatima wazi isiyo na mhusika. Mchezo wa uhusika umeviunganisha: mtu tuliyemjua kwa miezi mingi anaingia pangoni, na joka laweza kushinda. Muungano huo ni mpya. Anayesema tulikuwa nao tangu jadi haijui jadi yenyewe, kwa sababu ameridhika na mfanano wa juujuu kati ya joka na joka.

Kwa hiyo tunapendekeza vikao vya michezo hii virekodiwe na kunukuliwa kama tunavyorekodi ngano, pamoja na vicheko, mabishano na vimya vyake. Na mtafiti aulize nani aliamua, kwa kanuni ipi, na nani alinyamazishwa. Zana za kuuliza hivyo tunazo kuliko idara nyingi zinazojinadi kuwa za kisasa. Tukiendelea kuwarudisha wanafunzi mlangoni, utafiti huo utafanywa na wasiojua mtegaji ni nani wala mji hudaiwa vipi, kisha sisi tutaketi kutafsiri istilahi zao. Mcheza kwao hutuzwa. Kwetu, kwa sasa, hunyimwa msimamizi wa tasnifu.