Windows 10 imekoma: Kompyuta ya nyumbani itupwe au ibadilishwe mfumo?

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki, ambako kompyuta ya nyumbani mara nyingi hununuliwa ikiwa imeshatumika Ulaya au Marekani, hatua hiyo imezua swali la fedha: inunuliwe mashine nyingine, au ya zamani iwekewe mfumo mpya?

Ieleweke kwanza kuwa kompyuta haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya bure vya kuziba mianya ya usalama. Hatari yake si ya kufikirika. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka cha kukizuia. Walioathirika ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kiraka hicho.

Njia ya kwanza ni Windows 11. Mwenye leseni halali ya Windows 10 hatozwi kitu kuhamia huko, lakini masharti ni magumu. Inatakiwa RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kinga ya TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Mashine ya 2014, hata ikiwa nzima kabisa, inaachwa nje.

Wapo mafundi wanaokwepa masharti hayo na kuuingiza mfumo kwa nguvu. Hata hivyo, Microsoft imeonya kuwa kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupata viraka. Mteja anaweza kumlipa fundi na bado akakosa kile hasa alichokifuata.

Njia ya pili ni kununua muda. Mwaka 2025 Microsoft ilifungua mpango wa viraka kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa waliokubali kuhifadhi mipangilio yao kupitia akaunti ya kampuni hiyo. Hiyo ni nafuu ya muda tu, si suluhisho.

Njia ya tatu ni Linux. Linux Mint, kwa mfano, haiuzwi, na inahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayofaa kwa kazi bila usumbufu. Inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski ya kompyuta. LibreOffice, inayokuja nayo, hufungua mafaili mengi ya Word na Excel.

Udhaifu wake uko kwenye programu zilizotengenezwa kwa Windows pekee, zikiwamo baadhi za uhasibu, pamoja na printa chache zinazosumbua. Kwa hiyo kinachopaswa kuamua ni kazi, si umri wa mashine. Mfugaji wa kuku anayeandika hesabu za mayai na chakula kwenye jedwali, kutuma barua pepe na kufuatilia bei kwenye intaneti, anatoshwa na Linux. Mwenye duka ambaye vitabu vyake vyote vimo kwenye programu ya Windows, ni bora aanze kuweka akiba ya mashine inayokubali Windows 11.

Ikiwa tatizo ni uzito wa mashine, kubadili diski ya kuzunguka kwa SSD na kuongeza RAM mara nyingi huleta mabadiliko makubwa kuliko mfumo wowote, kwa gharama ndogo kuliko kompyuta mpya.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kumbukumbu zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kisha zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ni nzima. Kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu. Kompyuta hupatikana tena dukani. Hesabu za miaka mitano za mradi hazipatikani.