Masurufu ya Jeshi na Mkono wa Mkandarasi

Alfajiri ya tarehe 4 Novemba 1791, karibu na chimbuko la mto Wabash, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Ohio, jeshi la Marekani chini ya Arthur St. Clair lilishambuliwa na wapiganaji wa Miami, Shawnee na washirika wao, wakiongozwa na Little Turtle na Blue Jacket kuitetea ardhi ya baba zao. Na kwa muda wa saa chache, askari zaidi ya 600 kati ya takriban 1,400 walikuwa wamekwisha kuuawa. Sipunguzi hata chembe ushujaa na maarifa ya wapiganaji wale. Lakini nasema kwamba jeshi walilolikabili lilikuwa limekwisha kudhoofishwa na watu waliokuwa mbali na Wabash, walioketi mijini na daftari za hesabu mbele yao.

Kandarasi ya posho ilikuwa mikononi mwa William Duer wa New York, aliyewahi kuwa msaidizi wa Alexander Hamilton katika Hazina, mtu mwenye jaha na marafiki wakubwa. Naye, fedha alizotangulizwa na serikali ili alishe askari, alizitia katika biashara zake za kubahatisha. Samuel Hodgdon, aliyekabidhiwa usimamizi wa zana na uchukuzi, alikawia kufika jeshini, ilhali hema zilivuja, baruti ilikuwa hafifu, na matandiko ya farasi wa mizigo yalikuwa makubwa kuliko farasi wenyewe. Safari iliyokusudiwa kufanywa wakati wa kiangazi ikaanza baridi ikikaribia. Na lililo zito kuliko yote ni hili: siku chache kabla ya maafa, baadhi ya wanamgambo walitoroka, na St. Clair, akichelea wasije wakaupora msafara wa unga uliokuwa ukija nyuma, akaituma Rejimenti ya Kwanza, iliyokuwa kikosi chake bora, kwenda kuulinda. Siku ya vita ilipowadia, askari waliokuwa tegemeo lake hawakuwapo. Walikuwa nyuma, wakiulinda unga ambao ungalikuwa umefika zamani lau mkandarasi angalitimiza ahadi yake.

Mwezi Machi 1792 Baraza la Wawakilishi liliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, na huo ndio ulikuwa uchunguzi wa kwanza wa Bunge lile juu ya mwenendo wa serikali. Rais Washington alishauriana na mawaziri wake, akakubali nyaraka zitolewe. Kamati ikasikiliza, ikamwondolea St. Clair lawama, ikawatwika mzigo huo waliohusika na masurufu. Duer mwezi huohuo alikuwa amekwisha kutiwa gerezani kwa madeni. Kwangu mimi, kikao kile kina fahari kuliko vita vingi vilivyojengewa minara, maana kilidai hesabu ya roho za watu kwa walioshika fedha. Lakini baada ya kuujua ugonjwa, taifa lile halikuutibu: madaraka ya ununuzi yalihamishwa kutoka Wizara ya Vita kwenda Hazina, baadaye yakarudishwa, na mkandarasi akaachiwa chungu cha askari.

Kwamba njia nyingine ilikuwako hapana shaka, kwa kuwa Henry Knox, aliyekuwa Waziri wa Vita tangu wakati wa maafa yale, aliifuata baharini. Sheria ya tarehe 27 Machi 1794 ilipoamuru manowari sita zipatikane ili kujikinga na maharamia wa Algiers, hakuzitoa kwa makandarasi. Alikodi viwanja katika bandari sita, akaajiri mafundi na wasimamizi kwa mishahara ya serikali, huku Joshua Humphreys wa Philadelphia akichora umbo la manowari hizo. Miti ya mataruma, mwaloni mgumu wa Georgia, ilikatwa katika visiwa vyenye homa, wakataji wakaugua, na watumwa nao wakatumikishwa katika kazi ile. Gharama zilipanda, muda ukapita, na amani na Algiers ilipopatikana, merikebu tatu tu ndizo zilizoruhusiwa kuendelea mwaka 1796, nazo peke yake zikala zaidi ya dola 688,888 zilizotengwa awali kwa zote sita. Waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo mbao zilikuwa nzima, na misumari ilikuwa ya kweli. Mwaka 1798 jeshi la maji likapewa wizara yake, chini ya Benjamin Stoddert. Na Constitution, iliyoshushwa majini Boston mwaka 1797, ingali inaelea bandarini humo hadi leo.

Askari wa nchi kavu hawakupata bahati hiyo. Vita na Uingereza vilipozuka mwaka 1812, walilishwa tena na makandarasi, wakapata tena nyama iliyooza na unga uliochelewa. Taksiri hiyo siwezi kuiita ajali, maadamu ushahidi ulikuwa umelala katika makabati ya Bunge tangu 1792. Ilikuwa hiari ya viongozi waliouona urahisi wa kandarasi kuwa bora kuliko uhai wa watu wao. John C. Calhoun, Waziri wa Vita, ndiye aliyepata hatimaye sheria ya Aprili 1818, iliyoweka ofisa wa serikali kununua chakula cha jeshi na kukitolea hesabu. Kazi hiyo alipewa George Gibson, naye akaishika hadi alipofariki mwaka 1861.