Fizikia ya Nyota Haikatai Kiswahili

Wako walimu wanaoamini kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na ya sokoni, ila si ya fizikia. Dai hili husikika hata Kibera na Kawangware, ambako mtoto huja darasani na Kinubi, Kiluhya, Kijaluo au Sheng, na Kiswahili ndicho daraja lake na wenzake. Nitalijibu kwa mfano mgumu, na kwa makusudi.

Kuna nyota iitwayo RS Ophiuchi. Kwa hakika ni nyota mbili: jitu jekundu lililovimba kwa uzee, na kibete cheupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha kuzimika, chenye uzito wa Jua au zaidi uliosongwa katika umbo lisilozidi Dunia yetu. Kibete hunyonya gesi ya jirani yake. Gesi hiyo hujilimbikiza, hushindiliwa na kupata moto, hata haidrojeni ikalipuka kinyuklia na kurushwa nje kwa maelfu ya kilomita kila sekunde. Mlipuko ulionekana mwaka 1985, 2006, na tena 2021, ambapo darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilinasa miali ya gama iliyozaliwa gesi ilipougonga upepo wa lile jitu.

Kwa nini mbio hizo? Hapa mwalimu hana budi kukawia. Kitoke nini katika shimo la mvutano bila kasi inayolingana na kina chake? Kuihama Dunia, chombo huhitaji takriban kilomita 11 kwa sekunde. Kuhama kibete cheupe huhitaji maelfu. Mwaka 1990 gesi ya nyota MWC 560 ilipimwa ikija upande wetu kwa takriban kilomita 6,000 kwa sekunde, bila mlipuko wa aina ile. Kasi peke yake ilidokeza kwamba palikuwa na kibete.

Istilahi je? Kibete, jitu, mlipuko, mvutano: zote tunazo. Kinachotatiza ni upatanisho. Kibete wa hadithini ni mweupe, kwa kuwa ana uhai; cha angani ni cheupe. Mwalimu wa Kiswahili na wa fizikia wangeweza kugawana kipindi hicho.

Tena Kenya si mgeni katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Iliwasaidia wataalamu kutambua nyota zinazonyonya jirani zao. Jina likawa letu. Maelezo tukawaachia wengine.

Najua mtihani wa taifa wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza. Basi mwalimu aeleze kwa Kiswahili kwanza, mwanafunzi abishane, aulize, achore. Kisha apewe istilahi za mtihani. Kwa sasa, aghalabu huanza na istilahi, na maelezo hayafiki.